Mlio wa Mita Kisimani

Juzi, Katesh, nilimkuta fundi amelaza rota ya jenereta, ile sehemu inayozunguka, juu ya gunia, anaipima kwa mita ya umeme. Mita ilipolia, nilikumbuka mlio wa zamani.

Nilikuwa binti wa darasa la pili jenereta ya kisima chetu cha Getanuwas ilipogoma. Kilikuwa kiangazi kikali, na ng'ombe walikuwa siku ya pili bila maji. Fundi aliichomoa rota, ikanuka dizeli na waya ulioungua. Akaweka ncha moja ya mita kwenye shafti, mhimili wa chuma, nyingine kwenye pete ya shaba ambako waya huanzia. Mita ikalia, mlio mrefu.

Kwangu mimi kinacholia ni kizima. Hata ndama akizaliwa tulisubiri alie. Nilikimbia kumfuata babu, ambaye tayari alikuwa anawaswaga ng'ombe kwenda chemchemi ya mbali.

"Shikamoo babu! Mashine imelia! Rudini!"

"Marahaba. Una hakika, mjukuu wangu?"

"Nimeisikia mwenyewe."

Babu akapiga mluzi, akawageuza.

Sasa najua mlio ule ulisema waya umegusa chuma, rota imekufa. Jioni ng'ombe waliramba birika kavu la kunyweshea, kwato zikigonga saruji. Asubuhi watatu hawakuinuka.

Baba akauliza kwa hasira ni nani aliyewarudisha.

"Ni mimi," babu alijibu. "Nilichoka kutembea."

Nilikuwa nimesimama karibu na babu, nimeshika fimbo yake, nikamwacha aseme hivyo.