Kit ya haidrojeni kwenye pikapu ya marehemu baba: yaliyonikuta Chang'ombe miaka ya tisini

Heshima kwenu wakuu.

Wiki hii kila nikifungua jukwaa nakutana na habari za kit za haidrojeni za kupunguza ulaji wa mafuta. Mtu anaweka picha ya kopo na mipira, anasema gari lake siku hizi linanusa tu petroli. Wengine mnaulizana zinapatikana wapi. Nimekaa kimya siku kadhaa, leo nimeshindwa.

Ili asije mtu akasema natunga, nawataja kwanza waliokuwepo siku hiyo, uani kwetu Chang'ombe, mwanzoni mwa miaka ya tisini. Nilikuwepo mie. Walikuwepo wadogo zangu wawili, Mwanahawa na Salumu. Alikuwepo Baba mdogo, mdogo wake marehemu baba. Alikuwepo Mzee Kondo, fundi magari wa mtaani kwetu, mtu wa Kilwa. Na alikuwepo jamaa mmoja aliyejiita Injinia.

Baba mdogo ameshatangulia. Injinia sijui aliko. Waliobaki wote wapo na wanaweza kunisuta.

Mimi ndiye mkubwa. Baba na mama walifariki ndani ya mwaka mmoja, mie nikiwa kidato cha pili. Nikaacha shule. Kitu cha maana alichotuachia baba kilikuwa pikapu ya Kijapani, tani moja, aliyokuwa anabebea matofali na kunifundishia udereva.

Baada ya arobaini ya mama, ndugu walikaa kikao cha kutugawa. Mnaozijua familia zetu mnaelewa. Hakuna mwenye nia mbaya, kila mtu anachukua mtoto mmoja. Mwanahawa aende kwa shangazi Tanga, Salumu kwa Baba mdogo Morogoro, mie nimeshakuwa kijana nitajijua. Niliomba sana. Nikasema niachieni gari, nitawalea mwenyewe.

Baba mdogo akanijibu mbele ya wote, "Sawa. Gari likitembea, mtakaa pamoja. Siku likisimama, nakuja kuwachukua."

Hakuwa anatania. Kila mwisho wa mwezi alikuwa anapanda basi kuja kutukagua, na alikuwa anafunua boneti kabla hajafunua sufuria.

Kazi yenyewe ilikuwepo. Watu walikuwa wanajenga Tegeta mpaka Bunju, na mie nilikuwa napeleka matofali huko. Shida ilikuwa petroli. Chang'ombe hadi Tegeta na mzigo, kisha kurudi, ukishajaza mafuta unabaki na cha kununulia unga tu.

Na kumbukeni ule wakati ulivyokuwa. Milango ya biashara imefunguliwa, vitu vinaingia kila siku, dukani unakuta kifaa hujui hata kinawashiwa wapi. Mtu akikwambia kuna mashine ya kugeuza maji kuwa moto ulikuwa unasita kumbishia, usije ukaonekana mshamba.

Ndipo akaja Injinia. Shati jeupe, kalamu mbili mfukoni, anaongea taratibu. Alikuwa amebeba kopo gumu la plastiki lenye kifuniko cha kukaza. Ndani yake vipande vya chuma vimepangwa kama kurasa za daftari, nyaya mbili zinakwenda kwenye betri, mpira mmoja unakwenda kwenye kabureta, pale petroli inapochanganyika na hewa. Unatia maji, unatia kijiko cha dawa yake ya unga, unawasha. Maji yanatoa mapovu. Hayo mapovu ndiyo haidrojeni, inaungua pamoja na petroli, na ulaji unashuka karibu nusu. Ndivyo alivyosema.

Sasa sikilizeni testi ilivyofanyika, maana hapa ndipo nilipoliwa.

Geji ya mafuta ya pikapu yetu ilikuwa imekufa, kama za magari mengi wakati huo. Kwa hiyo tukafunga dumu la lita tano chini ya boneti, tukachomeka mpira wa kwenda kwenye pampu, ili kila mtu aone kwa macho mafuta yanavyoshuka.

Safari ya kwanza, bila kit, niliendesha mie hadi Tegeta na kurudi, Baba mdogo amekaa pembeni yangu. Tuliporudi, Injinia akalitoa kabureta, akasema analisafisha ili gesi ipite vizuri. Alikaa nalo kwenye kivuli kama nusu saa, ametupa mgongo. Akalirudisha, akafunga kit, tukajaza dumu upya, akasema safari ya pili aendeshe yeye, kwa sababu mashine ni ngeni kwetu.

Nilikwenda naye, Baba mdogo akabaki uani. Kila tulipofika mteremko alikuwa anaachia free, yaani anatoa gia, gari linatelemka lenyewe. Wala sikushangaa. Madereva wote wa Dar walikuwa wanafanya hivyo tangu miaka ile ya foleni za mafuta, na mie nilishaiga, mkono unakwenda wenyewe kwenye gia. Kosa langu ni kwamba sikujiuliza mbona safari ya kwanza mimi sikuachia hata mara moja. Sikuachia kwa sababu Baba mdogo alikuwa pembeni, na yeye alikuwa hataki kabisa kusikia habari za free, alikuwa anasema ni kumkabidhi Mungu breki.

Tukarudi uani. Dumu limebaki na mafuta mengi kuliko mara ya kwanza. Tofauti ilikuwa wazi, mtoto angeiona.

Baba mdogo akatikisa kichwa kwa kuridhika. Akasema hiyo sasa ndiyo akili ya mtu mwenye watoto. Wakuu, siku hiyo nilijiona nimekuwa baba wa nyumba.

Mzee Kondo alikuwa amekaa kwenye tairi tangu asubuhi. Akainuka, akaomba gari liwashwe likae sailensa, lingurume tu bila kukanyagwa mafuta. Akamwambia Salumu achomoe waya wa kit, kisha auchomeke, kisha auchomoe tena. Kila ukichomekwa, injini ilikuwa inashuka sauti kidogo, kama unapowasha taa kubwa gari likiwa limesimama.

"Mnasikia inavyoinama?" akasema. "Hicho kidude kinakula kabla hakijapika."

Injinia akacheka, akasema mzee wetu ni fundi wa spana, haya ni mambo ya sayansi. Na mie, mbele ya Baba mdogo, nikasema neno ambalo mpaka leo likinijia nikiwa peke yangu nainamisha kichwa.

Nikamwambia, "Mzee Kondo, wewe unaogopa magari yakipona utakosa kazi."

Aliokota kofia yake akaondoka.

Kit nikaichukua. Nilitoa akiba yote na baiskeli ya baba juu, ile aliyokuwa anaendea shule Salumu. Salumu mwenyewe ndiye aliyeitoa ndani, akaifuta vumbi akamkabidhi jamaa.

Wiki ya kwanza mafuta yalipungua kweli. Nasema kweli kwa sababu niliahidi ukweli. Ila gari lilikuwa zito mlimani, na injini ilikuwa inagongagonga nikikanyaga. Nikajiambia ni mzigo.

Wiki ya pili dawa ikaisha. Injinia aliacha vipakiti vichache na kusema atapita kuleta vingine. Hakupita. Mwanahawa akachukua kilichobaki kwenye pakiti, akasugua kwa vidole, akalowanisha, akasugua tena.

"Kaka," akasema, "hii si magadi? Haya haya ya kuivishia maharage."

Nikamkatalia. Kesho yake alipokuwa hayupo nikatia magadi ya jikoni. Mapovu yakatoka vilevile.

Hapo nilishajua, wakuu. Lakini nilikuwa nimeshatamba mbele ya ukoo. Kukubali kwamba nimeibiwa ilikuwa ni kukubali kwamba sifai kulea. Nikaendelea kuendesha na mashaka yangu.

Wiki ya nne, nikitoka Bunju na mzigo wa kokoto, kwenye mwinuko wa Mbezi injini ikapandisha joto, ikagonga mara mbili tatu, ikanyamaza. Moshi mweupe. Nilivutwa kwa kamba mpaka Chang'ombe, na zilikuwa zimebaki siku nne Baba mdogo aje.

Mwanahawa aliingia ndani, nikamwona anakunja nguo za Salumu na kuziweka kwenye begi.

Nikaenda kwa Mzee Kondo. Nilimpa shikamoo nikiwa bado mlangoni. Akaitikia. Nikaanza kumwomba radhi, akanikatiza, akauliza gari liko wapi.

Alifungua injini siku hiyo hiyo. Valvu mbili, vile vizibo vya kupitishia hewa na moshi, zimeungua ukingoni, na silinda hedi, kile kifuniko kizito cha juu ya injini, imepasuka. Kisha akafungua kabureta, akatoa jeti, lile tundu dogo linalopitisha petroli, akaliinua kwenye mwanga. Akaniita nitazame. Ndani ya tundu kulikuwa na uzi wa shaba mwembamba kama unywele, umepitishwa na kukunjwa ncha ili usitoke.

Hiyo ndiyo ilikuwa siri yote. Mafuta yalipungua kwa sababu injini ilikuwa inanyimwa. Petroli kidogo, hewa nyingi, moto unakuwa mkali mpaka unakula valvu. Kopo na mapovu yake lilikuwa la kutazamwa tu.

Nilimuuliza, je, bila ule uzi, kit ingesaidia hata kidogo? Mapovu si niliyaona? Akasema mapovu ni ya kweli na gesi ni ya kweli, inawaka. Lakini nani anayapasua yale maji? Umeme. Umeme unatoka kwa alteneta, alteneta inazungushwa na injini, injini inakula petroli. Ni kama kuteka maji kisimani kwa ndoo iliyotoboka, ukarudi kuyamwaga humo humo, halafu ukasubiri kisima kijae.

Mie sikumaliza shule, lakini hilo niliweza kulishika. Na tangu hapo sijapata mtu wa kulijibu, hata hawa wenye kit za kisasa zenye taa za bluu.

Sasa hedi. Mpya hatukuweza. Zilizotumika zilikuwa zimeadimika. Mzee Kondo alikuwa na pikapu ya aina ile ile nyuma ya nyumba yake, juu ya mawe, aliyokuwa anaifufua kidogo kidogo ili siku moja arudi nayo Kilwa akiwa anaendesha mwenyewe. Alikuwa ameshaikamilisha injini.

Akaichomoa hedi yake. Mkewe alikuwa amesimama mlangoni anamtazama.

Niliposema nitamlipa, akaniambia, "Sitaki hela zako. Nimekupa hedi, utanirudishia hedi."

Baba mdogo alikuja siku ya nne. Akafunua boneti, akasikiliza injini, akaniuliza mbona kopo halipo. Nikamwambia ukweli wote, hata lile neno nililomtukania mzee. Akashusha boneti. Kisha akasema gari linatembea, na akaomba chakula. Mwanahawa akaenda kulifungua lile begi.

Hatukugawanywa. Mwanahawa leo ni muuguzi, Salumu ana watoto wanne na ananicheka mpaka leo.

Ninachowaambia wakuu ni hiki: mtu akikuletea kifaa cha kupunguza mafuta, usitazame mapovu. Tazama nani anaendesha siku ya testi, na kitu gani kingine kimeguswa kwenye injini ukiwa umegeuka pembeni. Kama kuna aliyefunga hizi kit na akapima kwa haki, dereva yule yule, njia ile ile, mzigo ule ule, aje aseme hapa. Nitamsoma kwa heshima, ingawa kumwamini itanichukua muda.

Na nina ombi moja. Mzee Kondo yupo, amezeeka sana, anaishi kwa mwanawe Mbagala. Nimempeleka hospitali mara nyingi, nimempa nilichoweza, nimeezeka nyumba yake. Anashukuru kwa vyote, kisha anauliza, "Na hedi yangu?"

Nimeshamweleza kwamba pikapu yake yenyewe iliuzwa skrepa zamani, na hedi aliyonipa ilishakufa na gari letu. Anasema hajauliza pikapu.

Nimetafuta Gerezani kwenye maduka ya spea, nimetafuta Tanga na Moshi. Zilizopo zimepasuka au mafundi wamezichonga kuzisawazisha mpaka zikaisha. Mwenye pikapu ya zamani ya tani moja imekufa nyuma ya nyumba, injini ya petroli, hedi nzima, aniandikie hapa chini. Nitakuja na spana zangu.