Nimetikisa mvinyo wa Mwitaliano

Jamani, leo kazi naona imeniponyoka.

Mzee wa Kiitaliano kaleta chupa sita hapa hotelini Garhoud, huku ughaibuni, aonjeshe wageni. Mvinyo wa zabibu za kijijini kwao, kaukamua mwenyewe.

Mimi siunywi, naubeba tu. Nikaona mashapo chini.

Kwetu Mombasa juisi ya ukwaju ikituama hutikiswa. Nikazitikisa zote sita, tena kwa bidii.

Kumbe wake humiminwa umetulia. Ukatoka tope. Mzee akashika kichwa.

Madam wetu, Mkenya mwenzangu, akanigeukia, "Wewe, nani alikutuma?"

"Hakuna, madam. Ni malezi mema tu."

Hakucheka. Ameniita ofisini saa nane. Nikifukuzwa, viza nayo khalas.

Nawachekesha hapa ngazini nikisubiri hiyo saa nane.

Nyinyi mliowahi kufukuzwa, niambieni upesi: mtu huingia na kofia ya kazi, au huivua mlangoni?