Zabibu na Matufaa katika Lori Moja

Mjomba wangu anapeleka matufaa Dar es Salaam. Ukinunua tufaa Kariakoo la kumpelekea mgonjwa, na ubavuni lina kibandiko kidogo, huenda limepita mikononi mwake kwenye soko la jumla hapa Johannesburg, ambako anaingia alfajiri amevaa kofia ya sufu na makoti mawili. Ninaishi kwake, mtaa wa Mayfair, tangu nimalize chuo. Nina shahada ya uchumi. Asubuhi naomba kazi, mchana namsaidia karatasi za forodha, na katikati ya hayo mawili nawaza.

Nawaza kupita kiasi. Nikishatuma barua ya kuomba kazi naifungua tena nione kama nimekosea salamu. Nikiona sijakosea, nawaza kwamba labda salamu ilikuwa ndefu mno.

Lori ni la kukodi, lenye friji. Mjomba hulikodi kwa ubia na mwanamke wa Kizanzibari anayekaa mtaa wa pili, ambaye yeye hupeleka zabibu. Tunamwita Bi Mkubwa. Wamepakia pamoja tangu nikiwa shule ya msingi, nusu matufaa, nusu zabibu, bila mkataba wowote. Kanuni yao ni moja: dereva hageuzi njia wala hafungui mlango mpaka wote wawili wamekubali.

Ijumaa moja tukasikia kwamba Tanzania imezuia matunda ya Afrika Kusini yasiingie. Sababu ilikuwa ndizi. Ndizi za kwetu zimekuwa haziruhusiwi kuingia huku kwa miaka mingi, kwa maelezo ya magonjwa ya mimea, na sasa nyumbani wamechoka kubembeleza. Lori letu lilikuwa limeshafika Nakonde, upande wa Zambia. Dereva alikuwa anaiona nchi yetu kwa macho.

Alituma sauti kwenye simu. "Bosi, hapa ni foleni ya matunda matupu. Mbele matufaa, nyuma machungwa, mie nimebanwa katikati. Dizeli ya friji inateremka. Nigeuze au nikae? Mniambie mapema, maana hapa hata chai ni ya kugombania."

Bi Mkubwa alikuja baada ya swala ya Ijumaa, akavua viatu mlangoni, akakaa kwenye kiti cha mjomba kama kawaida yake. Mjomba akakaa kwenye kochi. Nikaleta chai na maandazi.

"Haya, mtaalamu," Bi Mkubwa akaniambia. "Nambie, watafungua lini?"

"Inategemea, Bi Mkubwa."

"Inategemea nini?"

Nikaanza kueleza. Kwamba nchi zote mbili zinaumia, kwa hiyo watataka kukaa mezani upesi. Kwamba, kwa upande mwingine, hakuna anayetaka kuonekana amelegeza wa kwanza. Kwamba wakulima wa huku wana sauti, na wa ndizi kule sasa wana sauti pia. Nilisikia sauti yangu ikirefuka. Bi Mkubwa alikuwa ameshamaliza kukoroga chai na bado anazungusha kijiko.

"Mjomba wako kakusomesha miaka yote hiyo uje unambie inategemea? Inategemea hata mie naijua, na sikuvuka darasa la saba."

"Mwache mtoto," mjomba akasema. "Wachumi wote ndivyo walivyo. Ukishalowa ndipo wanakwambia palikuwa na mawingu."

"Basi bora nyie wa bara mna wachumi. Sie Unguja tuna mashemeji tu."

Wakacheka, lakini kicheko cha kupumzikia. Simu ilikuwa mezani katikati yao.

Tasnifu yangu ilihusu ushuru wa forodha. Ushuru una mlango: unalipa, unapita, unaongeza kwenye bei, na mlaji wa mwisho analalamika kidogo lakini ananunua. Katazo halina mlango. Nilichora michoro mingi kuonyesha tofauti hiyo, na katika kila mchoro kulikuwa na pembetatu moja ndogo niliyoipaka rangi ya kijivu. Hiyo ni hasara isiyoingia mfukoni kwa yeyote, wala serikali, wala mkulima wa ndani. Kitabuni hasara hiyo haina mwenyewe. Pale sebuleni ilikuwa na wenyewe wawili, na mmoja alikuwa ananiomba sukari.

Kila mmoja wetu alijua jambo ambalo hatukulisema. Matufaa yanasubiri. Yakikaa kwenye baridi nzuri, wiki nzima si kitu kwayo. Zabibu hazisubiri, vikonyo vinakauka, punje zinalegea, na zikishaanza kumwaga maji hata wa kuzipokea bure humpati. Kwa mjomba, jambo la maana lilikuwa kukaa mpakani mpaka wafungue. Kwa Bi Mkubwa lilikuwa kugeuza siku hiyo hiyo, akauze Lusaka. Na malori yote ya foleni ile yangegeuzia Lusaka, kwa hiyo tufaa kule lingekuwa bei ya kiazi. Nusu ile ya lori ndiyo ilikuwa biashara nzima ya mjomba msimu ule. Nusu nyingine ndiyo ilikuwa ya Bi Mkubwa.

Ndiyo maana wananiuliza mimi, nikagundua. Nikisema watafungua keshokutwa, watasubiri. Nikisema mwezi, watageuza, na hakuna atakayekuwa amemwomba mwenzake.

Niliamini watafungua upesi. Niliamini hivyo kiasi cha kuandika kwenye mtihani, lakini si kiasi cha kuweka zabibu za mtu juu yake. Nikapima maneno, nikayabadilisha, nikayarudisha.

"Nadhani watafungua," nikasema. "Ni siku ngapi, sijui."

Bi Mkubwa akatikisa kichwa taratibu. "Umesema kweli. Ila zabibu hazijui kudhani, mwanangu."

Mjomba alifuta makombo ya andazi gotini. Kisha akachukua simu, akabonyeza, akaileta karibu na mdomo. "Geuza. Nenda Lusaka. Anza kushusha zabibu."

"Sijakwambia ugeuze," Bi Mkubwa akasema.

"Hujaniambia."

"Usije kunisuta baadaye."

"Kunywa chai, inapoa."

Zabibu ziliuzwa kwa bei ya kustahimilika. Matufaa yalikuta soko limejaa matufaa, na fedha iliyorudi haikutosha kununulia mzigo mwingine. Dereva alituma picha za makasha yaliyopangwa chini, na akina mama wanaoyazunguka bila haraka, wanaojua kwamba muuzaji ndiye mwenye haraka. Watoto wa Lusaka walikula matufaa mengi wiki ile kuliko walivyowahi kula. Mtu huko alifaidika, na sina kinyongo naye, ila kwenye michoro yangu nilikuwa na nchi mbili tu.

Siku chache baadaye wakubwa wa pande zote mbili wakaelewana. Niliisoma habari hiyo nikiwa nimesimama kwenye roboti, kama taa za barabarani zinavyoitwa huku, na taa ikageuka kijani, ikarudi nyekundu, nami bado nimesimama. Nilizunguka mitaa miwili zaidi nikitunga namna ya kumwambia mjomba. Nilipoingia ndani alikuwa ameketi, simu mkononi.

"Wamefungua," akasema. "Eish. Kaa. Nataka nimpigie Bi Mkubwa kabla hajasikia kwa watu."

Akapiga, akaweka simu juu ya meza, sauti ya wazi.

"Nishasikia," Bi Mkubwa akasema kabla ya salamu. "Una nini?"

"Sina kitu. Naulizia afya yako."

"Afya yangu umeiona jana sokoni."

Nilisikia maji yakichemka upande wake.

"Usinifanyie ustaarabu," akasema. "Nitukane kidogo nipumue."

Mjomba akafikiri. Kweli alifikiri, nilimwona. "Zabibu zako tangu zamani zina mbegu," akasema. "Nilikuwa nakuficha tu."

Bi Mkubwa akacheka kicheko kirefu kilichoishia kwenye kikohozi, akasema alhamdulillahi, akauliza watapakia lini. Mjomba akamwambia apakie yeye kwanza, amtafute mtu wa kuchukua ile nusu nyingine, mtu mwenye tabia, na asikubali vitunguu maana vinanukisha.

"Na wewe?"

"Mimi nitakuja, in shaa Allah. Wacha nipumzike."

Alipokata simu aliirudisha mfukoni. Hakuniuliza chochote kuhusu nchi mbili wala tatu. Akaniambia niwapigie wa chumba cha baridi pale sokoni, niwaambie mwezi huu hatutaihitaji nafasi yetu, na niwaambie kwa adabu, wasije wakampa mtu mwingine moja kwa moja. Nikauliza kama niseme mwezi huu au niseme mpaka tutakapowajulisha.

"Sema mwezi huu," akasema.

Nikapiga, nikasema mwezi huu.