Kitindamimba Kwenye Orodha ya Seva

Mzee wa mtandao, mkubwa wangu wa kazi, kila kifaa ofisini amekipa jina la utani. Printa ya ghorofa ya pili ni Mkorofi. Kompyuta ya mkurugenzi ni Bwana Mkubwa. Yangu ni Kasuku, eti kwa sababu sijui kufunga mdomo. Majina hayo ndiyo aliyoyaandika kwenye orodha ya seva, kila moja na namba yake iliyotengwa. Kifaa kisichokuwemo hakipewi namba, na bila namba hakiingii mtandaoni hata kikae mlangoni mwaka mzima.

Kwenye orodha hiyo alikuwemo Kitindamimba. Miaka miwili sikuwahi kumwona hewani, nikajua ni mashine kuukuu iliyokwisha kufa. Mimi ninayeuliza hata yasiyonihusu, hilo sikuliuliza.

Alhamisi moja zikaletwa kompyuta mpya kumi na mbili, na namba zilikuwa zimekwisha. Mkurugenzi akanijia juu mimi, akitaka zote zifanye kazi kabla ya saa sita. Mzee alikuwa ghorofa ya juu akivuta nyaya. Nikachuja vifaa ambavyo havikuonekana mwaka mzima, nikavifuta kimoja kimoja. Saa tatu na dakika kumi nikamfuta Kitindamimba. Nilijisifu, jamani, kwamba nimefanya usafi.

Mchana kompyuta moja mpya ikagoma. Mzee akafungua kumbukumbu za seva kutafuta kasoro, kikombe cha chai mkononi. Akakuta kifaa kisichojulikana kimeomba namba tangu saa nne kasorobo hadi karibu saa tano, kikakataliwa mara thelathini na moja. Pembeni palikuwa na alama za kifaa hicho, herufi na tarakimu kumi na mbili ambazo mtu mwenye akili zake hazikariri. Yeye alizijua kwa moyo. Akaweka kikombe chini.

"Umefuta nini leo?"

Nikamtajia. Akashuka ngazi mbio, mtu mwenye magoti mabovu, nami nyuma yake.

Dada wa mapokezi akasema ndiyo, alikuja msichana na mtoto mgongoni, akakaa kwenye kochi la mlangoni akiitazama simu tu. Alipoulizwa aitiwe nani, akajibu, "Usimwite, dada. Baba akiniona kwenye mtandao atashuka mwenyewe." Saa nzima ilipopita akafuta macho, akasema, "Kumbe ameshanitoa," akaondoka.

Mzee akakaa palepale kwenye kochi, akatusimulia. Tangu binti yake akiwa shuleni, ndivyo walivyozoeana. Akitoka darasani anakaa hapo, simu inashika mtandao, na Mzee huko juu akiona jina la Kitindamimba limewaka anabeba mkoba wake wanaenda nyumbani. Halafu binti akampenda mwanamume ambaye Mzee hakumtaka, na Mzee kwa hasira akamwambia asikanyage tena kwake. Binti akaondoka, akabadilisha laini, hata ndugu zake hawajui anakoishi. Mzee hakuwa na uso wa kumtafuta. Alichoweza ni kumwachia namba yake, kila asubuhi akaitazama kabla ya chai.

"Mtoto ni wa kike au wa kiume?" akamuuliza dada wa mapokezi.

Dada hakuwa ameangalia.

Nikalia mbele ya watu bila haya. Nilitaka anifokee, anifukuze kazi, chochote. Akanishika bega, akasema, "Hukujua, mwanangu." Neno hilo la mwisho liliniuma kuliko kofi.

Jioni hiyohiyo akamrudishia binti yake namba, akainyang'anya kompyuta moja mpya. Mkurugenzi akang'aka, na mara ya kwanza katika maisha yangu nikamjibu mkubwa nikiwa nimekaza macho. Miezi saba sasa, jina halijawaka.

Wiki ijayo Mzee anastaafu, na orodha inabaki kwangu, mimi niliyefuta. Jana alinikabidhi funguo za chumba cha seva, akaniomba jambo moja tu. Jina likiwaka, nishuke mbio, nimwambie binti yake kwamba namba ilikuwepo miaka yote, isipokuwa asubuhi ile moja.