Kiti Kimoja cha Ziada

Mzee Siketi hakupewa jina hilo bure. Miaka ishirini na miwili amepanga viti kwenye ukumbi mkubwa wa mikutano, viti 2,520, na hakuna aliyewahi kumwona amekalia hata kimoja. Miguu yake haijui kutulia. Hata kinyozi humnyoa akiwa amesimama.

Viti vile vilimpa kiburi, na alikuwa na haki. Hiyo 2,520 si namba ya mchezo. Igawe kwa mbili, inakubali. Igawe kwa saba, ile iliyowaliza wengi wetu shuleni, inakubali. Nane, tisa, kumi, zote zinaingia bila kubakiza kitu, na hakuna namba ndogo kuliko hiyo inayoziridhisha zote kuanzia moja hadi kumi. Mbishi achukue kalamu atafute, wino utamwishia.

Basi meneja mpya alipofika, mzee akajitutumua. "Mama, taja safu za viti vingapi vingapi unavyotaka. Kikibaki hata kimoja, naacha kazi."

Meneja, binti wa umri wa kitindamimba wake, akatabasamu tu. Wiki iliyofuata akaleta karatasi: mkutano wa Alhamisi, safu za viti kumi na moja.

Asubuhi ya Alhamisi mzee aligawanya juu ya karatasi ya mkate. Safu 229, kimebaki kimoja. Akarudia. Kimoja. Akaigeuza karatasi, labda upande wa pili una huruma.

"Baba watoto, kaa unywe chai," mkewe alisema. "Unanitia kizunguzungu."

"Kumi na moja haiingii."

"Si ufiche hicho kimoja?"

"Nifiche kiti?"

"Mdomo umeshindwa kuuficha, jaribu kiti."

Kazini, wenzake walipomaliza safu ya mwisho, kiti kile kilibaki kikimtazama. Akakipeleka stoo, stoo imefungwa, ufunguo anao meneja. Akakisukuma nyuma ya pazia la jukwaa. Miguu minne ikachungulia chini. Akakibeba hadi chooni, akakutana na fundi bomba aliyemuuliza, "Mzee, huko ndani havitoshi?" Akarudi nacho ukumbini, jasho linamtiririka, na viatu vya meneja vikasikika koridoni, ko, ko, ko.

Mzee akakiweka kando ya mlango. Akakikalia.

Meneja alipita safu kwa safu akihesabu kwa kidole. Akafika mlangoni.

"Mzee, uliapa."

"Niliapa hakitabaki. Hiki hakijabaki, mama. Kina mtu."

Binti alimtazama, akatazama kiti, akauma mdomo ili cheko lisimtoke.

"Haya. Kazi yako unayo. Ila ukinyanyuka kabla mkutano haujaisha, kiti kimebaki."

Mkutano ulikuwa wa saa sita nzima. Dakika ya nne, goti la kushoto la Mzee Siketi likaanza kucheza.