Bastola Iliyogoma Kuingia Kisandukuni

Tangu mashine ya kukandia unga imng'oe vidole viwili, Nélida Bassani alikuwa mtu wa kuhurumiwa mjini Rafaela. Kiwandani walimpa kazi nyepesi, na majirani walimpokonya mizigo kabla hajaomba. Mumewe, fundi chuma, yeye alimtengenezea bastola yake ya mashindano ya kulenga shabaha mpini mnene, ili aweze kuishika sawasawa.

Siku ya mashindano ya mkoa, mkaguzi wa silaha, mzee Ovidio, aliitia bastola ile katika kisanduku cha kupimia. Mpini ukagoma kuingia.

"Haiingii, mama. Katika kundi la kawaida huwezi kushindana."

"We Ovidio, mwache bwana!" akadakia Graciela, mshindani mwenza wa Nélida. "Mkono wake huuoni?"

"Nimeuona. Kisanduku ndicho hakina macho." Akamgeukia Nélida. "Kundi huria linapokea bastola zilizobadilishwa. Ila huko bastola zao zina darubini za kulengea, watakutoa jasho. Unaingia?"

Nélida akacheka. "Niandike. Jasho nitajifuta."

Alitoka wa pili kutoka mwisho. Jioni, nyama waliyowachomea washindani ilipoiva, alimpelekea Ovidio kipande kinono cha ubavu.

"Kwa ajili yangu mimi niliyekukatalia?" mzee akashangaa.

"Miaka yote hii watu wananipunguzia, mzee wangu. Leo wewe umenipima kama wenzangu. Ahsante sana."

Ovidio akasogea kwenye benchi, akampisha akae.