Makofi ya Kifipa kwa winga wa Wales

Jumamosi, mwaka wa ishirini na saba tangu ushirika wetu wa wakulima ufe nami nikaondoka Sumbawanga.
Leo nimechekesha uwanja mzima wa raga.

Asubuhi dada yangu wa Milanzi, kule nyumbani, alipiga simu.
"Kaka, kiwanja chako kimeota magugu. Unarudi lini?"
Nikasema karibuni, kama kila mwaka.

Mchana nikaenda uwanjani kumuaga jirani yangu hapa Cardiff, winga wa timu ya taifa ya Wales, anayestaafu.
Watu walisimama kumshangilia.
Mimi nikachuchumaa, nikampigia makofi ya polepole, Kifipa kabisa, uwanja ukaangua kicheko.

Akaja akichechemea. "Mzee, umeanguka?"
"Nakuaga kwa heshima ya kwetu."
Naye akachuchumaa kwa taabu. "Goti limekwisha, mzee. Nimechoka kuwaambia watu nitarudi karibuni."

Tangu hapo sikutulia. Nyumbani nimezunguka meza mpaka nikampigia dada. Ninyi mngefanyaje?
Nimemwambia kiwanja ampe mwanawe.
Sirudi.